Dodoso, mahojiano, uangalizi au jaribio? Kuchagua njia ya utafiti wa saikolojia Unguja na Pemba

Haya ni kwa mwanafunzi wa saikolojia au ualimu ambaye msimamizi wake amemrudishia propozali na kumwambia sura ya tatu, ile ya njia za utafiti, haijakaa sawa. Nimesoma maandiko mengi ya wanafunzi wetu, na mengi yameanzia pale pale: dodoso limeshachapwa, nakala zimeshatolewa, ndipo mtu anatafuta swali la kulibebesha. Matokeo yake ni kurasa za asilimia zisizojibu kitu alichotaka kukijua yeye mwenyewe.

Ili ulinganisho uwe wa haki, nachukua swali moja na kulipitisha katika kila njia: je, kuhifadhi Kurani chuoni, yaani madrasa, kunamwimarisha mtoto kumbukumbu hata akafanya vizuri zaidi skuli? Watoto wetu wengi asubuhi wako skuli na alasiri wako chuoni, kwa hiyo swali linatuhusu sote, na kila mzee barazani analo jibu lake. Lakini ndani yake mna maswali matatu. Wangapi wanahifadhi, na wanapata alama gani? Wanahifadhi vipi, na wao na walezi wao wanalionaje jambo hilo? Na je, kuhifadhi ndiko hasa kunakoleta tofauti? La kwanza linataka hesabu, la pili linataka kukaa na watu, la tatu linataka jaribio. Amua kwanza lako ni lipi.

Dodoso dhidi ya mahojiano

Nguvu ya dodoso ni upana. Msaidizi mmoja mwenye bidii anaweza kuzunguka skuli za Wete na Micheweni kwa siku chache akarudi na majibu ya mamia ya wanafunzi, yote kwa mpangilio mmoja, tayari kuhesabiwa. Ukitaka kuandika kwamba sehemu fulani ya wanafunzi wa Kidato cha Pili wamehifadhi juzuu moja au zaidi, huna budi kupita huku.

Sharti lake ni sampuli, yaani wale wachache unaowachagua wawakilishe wengi, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ile kanuni ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli, inayonakiliwa katika kila sura ya tatu, ukiitia idadi ya watu wa Zanzibar kwa sensa ya 2022, yaani 1,889,773, pamoja na kosa la asilimia 5, inakupa watu 400. Ukiitia wakaazi wa mkoa mmoja tu, jibu linabaki karibu na hapo hapo. Mwanafunzi anaifurahia 400 yake, anasahau kwamba hesabu hiyo inasimama pale tu ambapo kila mtu aliye katika orodha alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Watu 400 uliowakuta Darajani na kwenye boti ya Pemba ni watu wanaosafiri na kununua. Mama aliyebaki Kojani hayumo. Mimi ningeamini zaidi wanafunzi 120 waliochaguliwa kwa kura kutoka katika rejista ya skuli moja, madhali mwandishi anakiri kwamba anazungumzia skuli ile na si Zanzibar nzima.

Kuna na jambo la adabu. Watu wetu hawapendi kumvunja moyo mgeni aliyekuja na karatasi, na "nakubali sana" zinajipanga upande mmoja wa ukurasa toka juu hadi chini. Dawa yake ni kuuliza tendo badala ya maoni. "Je, unapenda kuhifadhi?" kila mtoto atajibu ndio. "Jana baada ya sala ya magharibi, ulirudia ulichohifadhi?" hilo lina jibu la kweli. Changanya pia maswali yanayokwenda upande wa pili, ili anayetia vema bila kusoma aonekane.

Kama unapima huzuni au wasiwasi, usitunge kipimo chako mwenyewe. PHQ-9, kipimo cha huzuni, ina maswali tisa, alama zake zinaanzia 0 hadi 27, na ipo kwa Kiswahili. Ila lile swali la tisa linauliza juu ya mawazo ya kufa au kujidhuru. Karatasi isiyo na jina haiwezi kumrudia aliyejibu ndio. Kipimo hicho kifanywe ana kwa ana, na kabla ya siku yenyewe uwe umeshapanga utampeleka wapi mtu huyo. Unguja kuna hospitali ya Kidongo Chekundu. Ukiwa shamba Pemba, kubaliana mapema na kituo cha afya kilicho karibu. Usiende bila mpango huo.

Sasa mahojiano. Umepiga hodi nyumba moja Micheweni, bibi mwenye nyumba amekukaribisha, umekaa mkekani. Unamuuliza mjukuu wake anaendeleaje chuoni. "Alhamdulillahi, mwanangu, anajitahidi." Na skuli? "Alhamdulillahi." Kwenye dodoso hapo ungetia vema penye "naridhika" ukaaga. Kwenye mahojiano unatulia, unamsaidia kumenya muhogo, unamuuliza siku walipopokea matokeo ya mwisho ilikuwaje. Ndipo linapotoka: mtoto ni hodari wa kukariri ila hesabu zinamshinda, babake amemkataza mpira, na yeye bibi ndiye anayekaa naye kila usiku mpaka amalize kazi za skuli. "Mimi hisabu sizijui, mwanangu. Namkalia tu asilale."

Umepata jambo ambalo hukuwa na akili ya kuliuliza: kuna mtu mzima anayemkalia mtoto kila usiku. Hakuna kisanduku cha jambo hilo katika dodoso lako, na huko mbele nitaonyesha kwamba huenda ndilo linaloamua kila kitu. Ndiyo maana napenda mahojiano yatangulie dodoso, hata kama ni ya watu wachache tu.

Gharama yake ni muda. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa itakula saa nne au zaidi kuiandika neno kwa neno. Watu kumi na tano waliohojiwa vizuri wanatosha kwa tasnifu ya shahada ya kwanza. Majibu yakianza kujirudia, umefika. Na usiandike "asilimia 60 ya waliohojiwa" wakati umewahoji watu kumi, kwani mahojiano yanaeleza namna, hayahesabu umma.

Majadiliano ya kikundi yanafaa kwa mambo yasiyo na siri, basi. Ukimweka mke mdogo na mamamkwe wake katika duara moja, utasikia sauti moja tu.

Uangalizi

Jane Goodall alipofika Gombe, Kigoma, mwaka 1960, sokwe walikuwa wakimkimbia, na ilimchukua miezi wakubali awe karibu. Alipovumilia ndipo alipowaona wakichokoa mchwa kwa vijiti, jambo ambalo kabla ya hapo wataalamu walilihesabu kuwa la binadamu peke yake. Aliowachunguza ni wanyama, lakini uvumilivu ule ndio unaodaiwa na uangalizi hata kwa watu.

Ukienda chuoni siku ya kwanza, maalim atakaa wima zaidi na watoto watapaza sauti kuliko kawaida. Utafiti uliofanyika katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago kati ya 1924 na 1932 ndio ulioipa saikolojia jina la jambo hili: watu hubadilika wakijua wanatazamwa. Wachambuzi wa baadaye wameyatilia shaka matokeo yenyewe ya kiwanda kile, lakini aliyewahi kukaa nyuma ya darasa akiwa na daftari anajua tatizo lipo. Nenda siku kadhaa bila kuandika chochote, mpaka watoto wachoke kukugeukia.

Ukianza kuandika, usiandike "watoto walikuwa makini". Mtazame mtoto mmoja kwa dakika mbili: midomo inatembea au imetulia? Macho yako kwenye juzuu, kwa maalim, au nje? Anayumba? Anafuata sauti ya mwenzake au anatangulia? Kisha hamia kwa mwengine kwa zamu uliyoipanga kabla, la sivyo macho yatakwenda kwa watundu tu. Mwenzako naye aandike peke yake kwa wakati ule ule, halafu mlinganishe. Mkitofautiana mno, shida iko katika fasili zenu, na ni afadhali kuligundua hilo wiki ya kwanza.

Ikilinganishwa na dodoso, njia hii inashinda kwa kila jambo ambalo watu hulifanya bila kulijua. Mtoto hawezi kukwambia kwamba anakosea zaidi pale aya mbili zinapofanana mwisho, lakini wewe utaliona. Inachoshindwa ni sababu ya ndani: midomo inayotembea haikwambii kichwani mna nini. Na kuwatazama watoto kwa siri haifai hata kidogo. Maalim, wazazi na watoto wenyewe wajue upo kwa ajili gani.

Uchunguzi kifani

Hapa unamchukua mtu mmoja au familia chache na kuingia ndani kabisa. Saikolojia ya kumbukumbu inadaiwa na mtu mmoja, Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 ili kutibiwa kifafa, na baada ya hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora huku akitazama mkono wake kwenye kioo. Siku baada ya siku mkono ulizidi kuwa hodari, ingawa yeye hakukumbuka kuwa aliwahi kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo kumbukumbu ya matukio na kumbukumbu ya ustadi ni vitu viwili, na aliyeonyesha hivyo ni mtu mmoja tu.

Kwetu kuna mfano ninaouheshimu sana. Juli McGruder, mtafiti wa Kimarekani, katika miaka ya 1990 alizifuata kwa karibu familia za Zanzibar zilizokuwa na wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mkubwa wa akili, na tasnifu yake ikatoka 1999. Aliona namna maelezo ya mashetani na ya mitihani ya Mungu yalivyoiwezesha familia kumbakisha mgonjwa ndani ya nyumba bila kumlaumu, na ugonjwa ukapokelewa kwa utulivu. Jambo la namna hiyo hulipati kwa kutia vema. Unalipata kwa kurudi nyumba ile ile tena na tena mpaka watu waache kukufanyia ugeni.

Udhaifu unaosemwa vitabuni ni kwamba mtu mmoja si watu wote. Mimi naogopa zaidi udhaifu wa pili, unaovihusu visiwa vyetu. Molaison alifichwa nyuma ya herufi mbili, H.M., mpaka alipofariki 2008, na katika nchi kubwa kama ile zilitosha. Andika wewe "M.S., mtoto wa miaka tisa aliyehifadhi juzuu ishirini, Konde", na kabla tasnifu haijajaladiwa shehia nzima inajua ni mtoto wa nani. Herufi hazifichi kitu mahali ambapo watu wanajuana kwa ukoo. Badilisha umri, badilisha kijiji, au unganisha habari za watoto wawili na useme wazi kwamba umefanya hivyo. Usipoweza kumsitiri mtu, achana na kesi yake hata kama ni nzuri kiasi gani.

Uwiano dhidi ya jaribio

Tuseme umekusanya idadi ya juzuu zilizohifadhiwa na alama za mtihani, ukakuta vinakwenda pamoja. Uwiano hupimwa kwa namba kati ya -1 na +1, na yako imetoka chanya na nzuri. Vishawishi ni vikubwa hapa, kwani kila mtu anataka uandike kwamba hifdhi, yaani kuhifadhi Kurani, inaongeza akili ya skuli.

Mkumbuke yule bibi wa Micheweni. Mtoto mwenye mtu wa kumkalia usiku atahifadhi zaidi na atapata alama zaidi, na huenda kimoja hakikukisaidia kingine kabisa. Au mambo yamekwenda kinyume: waliozaliwa na kumbukumbu nzuri ndio wanaosonga mbele chuoni, wengine wakaacha. Uwiano hauwezi kuyatenganisha haya. Ukiwafuata watoto wale wale kwa miaka mitatu utajua kipi kilitangulia, nayo ni hatua kubwa, lakini bibi bado yumo.

Anayemwondoa bibi ni kura. Jaribio linagawa watu kwa bahati nasibu, hivyo wenye bibi na wasio naye wanaangukia pande zote mbili, na tofauti inayobaki mwisho inaweza kudaiwa kwa kile ulichokibadilisha. Hiyo ndiyo nguvu ambayo njia nyingine zote hazina.

Pemba tunao mfano mkubwa, na nasikitika kwamba wanafunzi wetu hawaujui. Utafiti uliochapishwa 2001 uliwahusisha watoto 614 wa Pemba, wa umri wa miezi 6 hadi 59, waliogawiwa kwa nasibu kupewa madini ya chuma, dawa ya minyoo, vyote, au dawa bandia isiyo na kitu ndani, kwa miezi 12. Familia hazikujua mtoto wao yuko kundi gani, wala wapimaji hawakujua. Waliopata chuma waliendelea zaidi katika lugha, kwa alama 0.8 katika kipimo cha alama 20. Katika kutumia viungo vya mwili, nafuu ilionekana kwa wale tu walioanza na damu pungufu mno, hemoglobini chini ya gramu 90 kwa lita. Na lugha ilipimwaje? Kwa kuwauliza wazazi. Kumbe hata jaribio la aina ile lilisimama juu ya mahojiano, na kama maswali ya wazazi yangekuwa mabovu, kura isingeliokoa.

Halafu likaja la pili. Jaribio jengine la chuma na foliki (aina ya vitamini), hapo hapo Pemba, kwa watoto zaidi ya 24,000 wa miezi 1 hadi 35, lilisimamishwa kwa upande wa chuma mwezi wa Agosti 2003. Waliopewa chuma na foliki walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa hospitali, katika kisiwa ambacho wakati ule malaria ilikuwa imekithiri. Matokeo yalichapishwa 2006 na kuwafanya wataalamu duniani waangalie upya ugawaji wa chuma kwa watoto wa nchi zenye malaria. Haya mawili yasomwe pamoja. La kwanza lilipima lugha na kuona faida; madhara yasiyotokea mara nyingi hayawezi kuonekana katika watoto mia sita. Mwenye kufanya jaribio juu ya mtoto wa mtu lazima awe na watu wengine wanaoyatazama matokeo yakiwa bado yanaingia, wenye uwezo wa kusema basi.

Kwa swali letu, jaribio kamili haliwezekani na halifai: huwezi kupiga kura kwamba huyu ahifadhi Kurani na huyu asihifadhi. Unachoweza ni kuchukua kipande kimoja cha hifdhi, kama vile kusoma kwa sauti, na kukijaribu peke yake. Andaa maneno 40 ya kawaida, mtoto ayaone moja moja. Nusu anayasoma kwa sauti, nusu kimya, kwa mchanganyiko ulioamuliwa kwa kura. Baada ya mapumziko aandike yote anayoyakumbuka. Mwanasaikolojia Colin MacLeod na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha mwaka 2010 kwamba maneno yaliyosomwa kwa sauti hukumbukwa zaidi. Lakini nafuu hiyo hujitokeza wazi pale mtu yule yule anapofanya yote mawili. Ukiwagawa watu makundi mawili, nafuu hiyo inapungua sana. Kwa hiyo mpangilio wako unaweza kulileta au kulificha jibu. Anayesahihisha karatasi asijue neno gani lilisomwa vipi.

Ushike lipi?

| Unachotaka kusema | Njia | Itakupotosha wapi |
|---|---|---|
| Ni wangapi | Dodoso kwa sampuli nasibu | Majibu ya adabu, sampuli ya njiani |
| Wanalionaje | Mahojiano | Ukijaribu kuyageuza asilimia |
| Wanafanya nini hasa | Uangalizi | Ugeni wako, fasili zisizokaa sawa |
| Imekuwaje kwa huyu | Uchunguzi kifani | Siri ya mhusika, kujumlisha haraka |
| Vinakwenda pamoja | Uwiano | Kitu cha tatu usichokipima |
| Hiki kinaleta kile | Jaribio | Kipande kidogo kuchukuliwa kuwa jambo zima |

Kama una muhula mmoja na fedha kidogo, ushauri wangu ni mahojiano na walezi wachache, kisha lile jaribio dogo la maneno 40 katika darasa moja la tano. Hivyo viwili vinashibishana: moja linakupa maisha ya mtoto, la pili linakupa sababu moja iliyothibitika. Dodoso kubwa muachie mwenye orodha kamili na wasaidizi. Kama wewe ni mwalimu na huna haja ya shahada, uangalizi peke yake utakufaa zaidi kuliko yote, kwa kuwa darasa unalo kila siku na watoto wameshakuzoea.

Ukichagua lolote linalogusa watoto, anza na vibali: barua ya chuo kikuu, kibali cha utafiti cha Serikali, mwalimu mkuu, sheha, na kwa chuoni maalim mwenyewe. Ridhaa ya mzazi itiwe saini, na mtoto naye aulizwe kwa maneno yake. Akisema hataki, hata kama mzazi ameshasaini, mwache arudi kwa wenzake. Peleka barua hizo kabla ya kutunga swali la kwanza la dodoso, kwani zinachukua muda kuliko kazi yenyewe, na muhula hausubiri.